Filamu Ambayo Babu Mkuu Hakuwahi Kuiona

Waliofuatana nami katika hadithi hii tangu juma la kwanza wanazijua aibu zangu tatu. Kwa aliyejiunga leo nitazikariri upesi, maana mwalimu hasongi mbele huku nusu ya darasa ikiwa imeachwa nyuma.

Aibu ya kwanza: mimi, Mwalimu Thawin, niliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya Nong Hin kwa miaka thelathini na minne na kufundisha kwamba dunia huendeshwa na sababu na matokeo, nilikwenda kwa siri kwenye kijumba cha Babu Mkuu, mzimu mlinzi wa kijiji chetu, kilichomo kichakani, nikapiga magoti. Nikaweka nadhiri. Mjukuu wangu Tonkla akifaulu mtihani wa kuingia chuo cha udaktari, nitamwonyesha Babu Mkuu filamu ambayo hajawahi kuiona, picha na sauti, mwanzo hadi mwisho.

Tonkla akafaulu.

Aibu ya pili: mtunza kijumba, Mzee Sawaeng, ameandika kwenye daftari kila filamu iliyoonyeshwa pale kwa muda wa miaka arobaini. Babu Mkuu ameona vita, majoka, mapenzi, hata filamu ya serikali kuhusu ufugaji wa kambare. Katika hazina yote ya Fundi Chaluai, mwenye mtambo wa kuonyeshea filamu, ilibaki moja tu isiyoandikwa daftarini.

Aibu ya tatu ni hiyo moja. Ni hadithi ya Krit, kijana wa miaka kumi na saba, ambaye kwa mwaka mzima anaificha nafsi yake, hadi anapokubali kwamba moyo wake huwapenda wavulana wenzake.

Nadhiri ni nadhiri. Nilitia sahihi daftarini.

Lakini nilikiri juma lililopita kwamba si filamu iliyoninyima usingizi. Ni Tonkla. Mara tatu mwezi huu alinijia akasema, "Babu, nina jambo." Mara tatu nilimjibu, "Nyoosha mgongo kwanza." Mara tatu akaunyoosha, akanitazama, akaondoka.

Nilijua. Mtu hamlei mtoto tangu ana miaka minne asimjue. Nilimrekebisha mgongo kwa sababu mgongo ndicho kitu pekee nilichojua namna ya kukirekebisha.

Sasa tuendelee na siku yenyewe, Ijumaa.

Asubuhi mke wangu Lamduan aliniwekea kikapu cha wali wa kunata, kisha akauweka mkono wake juu ya kifuniko asiniruhusu kula.

"Kesho kutwa anaondoka," akasema.

"Najua. Basi la saa mbili."

"Hujui kitu we mzee. Kaniambia jana. Kasema, 'Bibi, nikiondoka Babu hajanisikiliza, sirudi Songkran. Wala ya mwakani, wala ya mwaka ule mwingine.'"

Nilicheka kicheko cha ofisini. "Mtoto hawezi kukosa sikukuu ya mwaka mpya. Nani atanimwagia maji ya baraka mikononi?"

"Jimwagie mwenyewe. Ndoo ile pale."

"Lamduan, mambo mengine hayasemwi."

"Eti? Na wewe una lipi usilolisema?"

Nilinyakua tonge la wali nikalijaza kinywani, kwa sababu nilikuwa nalo. Lina umri wa miaka hamsini na miwili. Mtalisikia punde, na hamtalisikia kwa hiari yangu.

Kwa desturi, filamu ya nadhiri haina watazamaji. Kiti kimoja kitupu huwekwa mbele kwa ajili ya Babu Mkuu, kuku wa kuchemshwa na chupa ya pombe ya mchele pembeni, fundi huwasha mtambo wake, kisha hujilaza chini ya gari akakoroma. Nilitegemea hivyo.

Nilipofika kichakani jua linazama, nilikuta watu mia mbili.

Walikuja na mikeka, na watoto, na vinu vya kutwangia papai la saladi. Mzee Sawaeng alikuwa ametangaza mara tatu kwa kipaza sauti cha kijiji, kile chenye spika juu ya mlingoti zinazosikika hadi sokoni na hekaluni.

Ugomvi wetu haufichiki. Miaka thelathini na moja iliyopita, katika sikukuu ya kurusha fataki za kuomba mvua, fataki ya Sawaeng iligeuka hewani ikaangukia choo cha shule yangu, ndani yake akiwamo mkaguzi wa wilaya. Mkaguzi alitoka mzima. Taarifa yake ya ukaguzi haikutoka nzuri. Tangu hapo mtu wa nyumba ya Sawaeng hakanyagi ua wangu. Hata mjukuu wake Mek, kijana mtulivu aliyemsaidia Tonkla kusoma kemia, nilimpiga marufuku langoni. Kemia yenyewe niliiruhusu, ilimradi ifanyike huku kichakani, kwa kuwa kemia haina ugomvi na mtu.

"Mwalimu, kaa mbele," Sawaeng akaniita, daftari lake kifuani. "Karibu na kiti cha Babu Mkuu, akuone vizuri."

Lamduan aliketi safu ya pili. Tonkla alikaa pembeni yake, mgongo umepinda kama ndoano.

Fundi Chaluai akawasha mtambo. Picha ikaja kwenye pazia jeupe. Muziki ukaanza. Kisha ukasikika mlio kama wa mtu anayekaanga kitu chenye mkia, moshi ukatoka kwenye mashine ya kukuzia sauti, na tukke, yule mjusi mkubwa wa madoadoa, akadondoka kutoka ndani yake, miguu juu.

"Basi, imekwisha," akasema Chaluai.

"Mashine au mjusi?"

"Vyote viwili, Mwalimu."

Sitawaficha: moyo wangu ulicheza kwa furaha. Nikasimama, nikarekebisha tai. "Ndugu zangu, ni bahati mbaya. Tutamwonyesha Babu Mkuu picha pekee, kimya kimya, kisha twende tukalale."

"Picha na sauti," akasema Sawaeng, akifungua daftari. "Imeandikwa hapa. Sahihi hii ya nani? Mwandiko mzuri kupindukia."

"Sauti nitaitoa wapi, mzee mwenzangu?"

"Kooni."

Kisha akatabasamu tabasamu ambalo alikuwa ameliweka akiba kwa miaka thelathini na moja, akakishika kipaza sauti cha kijiji.

"Jamani, wazee mliopo! Mnaukumbuka ule msafara wa kuuza dawa ya minyoo, uliokuwa ukizunguka na filamu? Filamu hazina sauti, watu wanakaa nyuma ya pazia wanawasemea wahusika?"

"Tunaukumbuka!"

"Mnamkumbuka yule aliyekuwa akiwasemea mabinti? Aliyeitwa Binti Sauti ya Asali?"

"Uuuh!" akalia bibi mmoja muuza samaki wa chumvi. "Marehemu mume wangu alimwandikia barua ya posa!"

"Basi hakuwa binti. Yule pale. Kavaa tai."

Watu mia mbili waligeuka. Nadhani hata kiti kitupu kiligeuka.

"Mwalimu!" Ilikuwa sauti ya Lamduan. "Miaka arobaini na sita ya ndoa!"

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa natafuta ada ya chuo cha ualimu."

"Mambo mengine hayasemwi, siyo?"

Mtauliza, Sawaeng alijuaje? Leo ni siku ya kukiri, nami nitakiri yote. Alijua kwa sababu yeye ndiye aliyewasemea majemedari. Kwa misimu miwili, kila jioni, katika kila kijiji cha bonde hili, Sawaeng alinichumbia kwa sauti nzito mbele ya umati, nami nikamkubali.

"Basi shika kipaza cha pili," nikamnong'oneza. "Wasemee wanaume."

"Koo langu bovu siku hizi. Halafu nadhiri si yangu."

Niliketi kwenye meza ya mtambo. Mbele yangu palikuwa na vipaza sauti viwili vya kijiji, nikavuta kimoja. Nilijiambia: Thawin, nadhiri iliyovunjwa hulipwa na yule aliyeombewa. Sikuwa tayari Tonkla alipie ukaidi wangu kwa ajali ya barabarani. Naam, mwalimu wa sayansi ndiye aliyewaza hivyo.

Kwenye pazia mama yake Krit alikuwa anamwamsha mwanawe. Nikafungua kinywa.

"Krit, mwanangu, amka, jua linakuchoma visigino."

Asali ilikuwepo. Yote. Miaka hamsini na miwili chupani, haijaganda hata tone.

Watu walipiga makofi. Yule bibi wa samaki akajifuta machozi akasema, "Ndiye! Ndiye kabisa!" Na kwa kuwa nimeapa kutoficha, nitasema nilifurahi. Kwa dakika kumi niliwasemea mama, shangazi, mwalimu wa hesabu na mbwa, na nilikuwa hodari.

Kisha Krit na rafiki yake Tae wakaketi ukingoni mwa bwawa.

Hapa panahitaji maelezo madogo. Filamu ile ilikuwa na maandishi chini ya picha, kwa manufaa ya wasiosikia vizuri. Krit alimtazama Tae, na maandishi yakasema: *Nikiwa na wewe sijifichi.*

Nikasema kwenye kipaza sauti: "Tae, umemaliza zoezi la hesabu za sehemu?"

Mtoto mmoja akapaza sauti. "Siyo hivyo, Mwalimu! Imeandikwa 'sijifichi'!"

"Na mimi nimeona! 'Nikiwa na wewe'!"

"Mwalimu karuka mstari!"

Miaka thelathini na minne niliwafundisha kusoma, wao na wazazi wao. Jioni ile walisoma wote.

Tae akaegemeza kichwa chake begani kwa Krit. Nikamsemea, "Sehemu zimenichosha mno."

"Hizo ni sehemu za aina gani, Mwalimu?" akauliza muuza nyama, na umati ukavunjika mbavu.

"Wameshikana mikono!"

"Anampima mapigo ya moyo," nikatangaza, na spika za mlingotini zikapeleka habari hiyo hadi sokoni.

"Mbona hapimi upesi? Mgonjwa atakufa!"

Hata Lamduan alicheka, kiganja mdomoni. Nilijiona mshindi. Nadhiri inalipwa, kijiji kinacheka, na hakuna neno zito lililosemwa.

Ndipo nikamwona Tonkla. Hakuwa akicheka. Kila mara nilipobadilisha neno, mgongo wake ulipinda zaidi, kana kwamba nilikuwa nampigilia chini kwa nyundo. Na safu ya tatu, kando ya babu yake Sawaeng, Mek naye hakucheka, ila hilo nililipuuza.

Tonkla akasimama. Nikadhani anakwenda nyumbani, na kutoka nyumbani anakwenda kwenye basi, na kutoka kwenye basi harudi.

Alikuja mezani.

"Babu, sogea."

"Nini tena?"

"Sogea kidogo. Krit nitamsemea mimi." Akavuta kipaza cha pili.

Kwenye pazia Krit aliingia chumba ambamo babu yake alikuwa anasuka kikapu cha mianzi. Mzee mkavu, shingo ngumu. Sikumpenda tangu alipotokea. Alinitazama kama kioo. Krit akasimama mlangoni. Maandishi yakatokea, na Tonkla akayasoma kama yalivyo.

"Babu, nina jambo."

Naapa sikukusudia. Kinywa kilijisemea chenyewe, kwa mazoea.

"Nyoosha mgongo kwanza."

Kijiji kizima kiliangua kicheko, kwani hakuna pale ambaye sijamwambia maneno hayo maishani.

Tonkla hakucheka. "Umenyooka, Babu," akasema. "Hebu tazama."

Nikatazama. Si kwenye pazia. Kando yangu. Alikuwa amesimama wima kama mlingoti wa bendera. Kicheko kikaisha chenyewe.

"Jambo hili ninalo tangu nina miaka kumi na mitatu," akaendelea. "Nilijaribu kulirekebisha, maana kwetu kila kosa hurekebishwa kwa wino mwekundu. Nimelikagua miaka mitano, Babu. Halina kosa. Mimi napenda wavulana. Siombi unipe hotuba. Sitaki hata useme ni vizuri. Nataka tu unisikie kabla sijapanda basi."

Watoto walikuwa wameacha kusoma. Yaliyosemwa hayakuwa tena yale yaliyoandikwa.

Kwenye pazia yule mzee alikiweka kikapu chini. Akainuka. Akampita Krit mlangoni akatoka, mdomo umefungwa.

Katika kazi ya kusemea filamu kuna sheria ya kwanza, ambayo Sawaeng nami tulifundishwa kwa kupigwa rula: pale mdomo unapofungwa, husemi. Mdomo ule ulikuwa umefungwa. Filamu yenyewe ilikuwa imenipa ruhusa ya kunyamaza. Watu mia mbili wangeshuhudia kwamba sikukosea chochote.

Nikaikumbuka ndoo ya Lamduan, ile ya kujimwagia mwenyewe.

Nikavunja sheria. Na kwa kuwa koo langu lilikuwa bado limekaa mkao wa kike, maneno yalinitoka kwa sauti ile ile ya asali. Mwalimu mkuu mstaafu, tai shingoni, akaongea kama bikira wa filamu ya dawa ya minyoo.

"Mgongo wako umenyooka, mjukuu wangu. Nimekusikia. Hata mara zile tatu nilikusikia, nikajifanya kiziwi. Kesho jioni uje tule kabla hujasafiri. Na huyo umpendaye, yeyote yule, naye aje akae mkekani kwangu ale wali wangu."

Hakuna aliyecheka sauti yangu. Lamduan alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa. Tonkla aliunganisha viganja, akainama hadi paji la uso likagusa bega langu, na bega likalowa.

Halafu akainua kichwa. Bado alikuwa ameshika kipaza sauti.

"Babu, umesema yeyote yule?"

"Nimesema."

"Kweli yeyote?"

"Hata akiwa mjukuu wa yule mkaguzi wa wilaya."

"Afadhali angekuwa wa mkaguzi," akasema Tonkla.

Safu ya tatu mtu akasimama. Kijana mrefu, mtulivu, masikio yamemwiva. Mek. Akaunganisha viganja kunielekea, kwa heshima zote, na akabaki amesimama hivyo.

Kemia. Mwaka mzima wa kemia, humu humu kichakani, kwa idhini yangu.

"Haya, imekwenda!" akasema muuza nyama kwa sauti ndogo.

Nikamtazama Sawaeng. Alikuwa na kalamu mkononi. Alikuwa akiyaandika maneno yangu daftarini kwa raha kubwa, neno baada ya neno, kwani ahadi iliyotamkwa mbele ya kiti cha Babu Mkuu ni nadhiri kama nyingine yoyote. Alikuwa amefika kwenye "yeyote yule". Kalamu ilisimama hapo. Akamtazama mjukuu wake. Akamtazama wangu. Akalitazama daftari, mwandiko wake mwenyewe ukimkodolea macho.

Kwenye pazia midomo iliendelea kuchezacheza bila sauti, na hapakuwa na mtu wa kuisemea.

Sawaeng akafunga daftari. Akainuka, goti moja likilia. Hakushika njia ya nyumbani kwake. Alikuja mezani, hatua kwa hatua, akampokonya Tonkla kipaza sauti, akakipuliza mara mbili. Fuu, fuu. Sokoni mbwa wakabweka.

Kisha akasafisha koo, lile alilodai ni bovu, na ikatoka ile sauti nzito ya majemedari, ambayo masikio yangu hayakuwa yameisikia kwa nusu karne.

"Thawin," ikasema.

Katika filamu zetu za zamani jemedari aliita jina la mtu hivyo, peke yake, kisha akanyamaza, kila alipotaka kuchumbia.

Aliita hivyo hivyo kila alipotaka kuchomoa upanga.